Mwonja Uchungu

Nina mlango mmoja, mjukuu wangu. Waliomo ndani wanausukuma, haufunguki. Walioutengeneza hawana ufunguo wake. Ufunguo anao mtu mmoja tu, naye hajalala mle ndani hata usiku mmoja. Haya, nitegulie.

Fikiri. Usikimbilie kusema kaburi, la kaburi ni kitendawili kingine. Umeshindwa? Basi nipe mji. Vizuri. Nimekwenda mjini kwako, nimepewa kiti, nimekula wali kwa kuku nikashushia chai ya tangawizi, na sasa nimerudi kukupa jibu: ni msamaha wa Rais. Gereza ni la watu wote, sheria ni ya watu wote, lakini mkono unaosamehe ni mmoja.

Sikiliza basi habari za mkono huo, na za mwanamke aliyeufanyia kazi. Hazijatokea bado. Ni za siku ambazo wewe mwenyewe utakuwa na mvi, na mimi nitakuwa udongo unaootesha mchicha wa watu.

*

Kila siku ya kuonja, Nyamizi alikunywa uji mweupe usio na sukari wala ndimu. Kinywa cha mwonjaji hutakiwa kiwe kitupu, kisije kikachanganya ladha yake na uchungu wa mtu. Aliunywa amesimama, katika chumba cha chini kule Ikulu, huku fundi Ngwali akipangusa kitanda kwa kitambaa chenye dawa.

"Shikamoo, mama Masunga."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mkeo bado yuko kwao?"

"Yuko. Anasema hawezi kulala na mwanamume anayefuga maumivu ya watu chumbani."

"Mwambie wewe unayafuga tu. Anayeyala ni mimi."

Ngwali akacheka, lakini cheko lake lilikatika njiani. Alikuwa na jambo. Nyamizi alikuwa mkunga kabla ya kazi hii, na mkunga huona jambo kabla halijatoka.

Siku hizo kila mtoto alishonewa ushanga nyuma ya sikio mara tu alipozaliwa. Ulianzia hospitali: mtoto mchanga hawezi kusema anaumwa wapi, basi ushanga uliyashika maumivu yake, daktari akayasoma. Baadaye mahakama nayo ikaona umeifaa. Mtu akiumizwa au akiuawa, ushanga wake ulitolewa, na ndani yake uchungu wake wa mwisho ulikuwa umelala kama funza ndani ya pera. Ukiutia ushanga huo kwenye kikombe cha mashine, ukamlaza mtu kitandani, uchungu wote unamwingia yeye, bila kidonda wala damu. Tena mara moja tu. Ukishaonjwa, ushanga umekuwa kijiwe.

Ndipo Bunge likatunga sheria iliyosifiwa hadi ng'ambo: Rais asimsamehe mtu kabla uchungu alioutenda mtu huyo haujaonjwa. Watu waliimba barabarani, wakasema sasa ile kalamu imefungwa kamba. Rais wa kwanza kuonja alionja mara moja. Akaugua wiki nzima, akawa anashtuka hata akiona kisu cha kukatia mkate. Wabunge wakamwonea huruma, wakamruhusu awe na msaidizi wa kuonja kwa niaba yake. Na huruma ile, mjukuu wangu, ndiyo tundu walilopitia panya wote.

Msaidizi huyo sasa alikuwa Nyamizi. Walimchagua kwa sababu alizoea kushika mikono ya wanaoumia. Aliapa kiapo cha ulimi: anachokionja hakisemi, hata kwa padri. Mbele ya Kamati ya Bunge atatoa neno moja tu, *inavumilika* au *haivumiliki*. Akitoa la kwanza, Rais anatia saini. Akitoa la pili, msamaha umekufa. Na kiapo kile kilikuwa na meno: mwonjaji akifungua kinywa, ni kifungo cha maisha.

Mpaka siku hiyo hakuwahi kulitoa la pili. Mwanzoni waliletwa wanawake walioiba mahindi ya serikali mwaka wa njaa, na uchungu wa mlinzi aliyesukumwa akateguka mkono ulivumilika kweli. Halafu wakaanza kuletwa watu wenye majina. Polisi. Mwenye mgodi. Mpwa wa mtu fulani. Nyamizi alionja mbavu na shingo za waliowaumiza, akaamka, akasema inavumilika. Si alikuwa ameivumilia?

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Katibu wa Rais, Shelukindo mwenyewe, mtu wa maneno laini na viatu visivyolia. Katibu hakuwa na desturi ya kushuka kule chini. Mkononi alikuwa na kikopo cha ushanga.

"Mama yetu, hujambo?"

"Sijambo, Mheshimiwa. Leo tumepata mgeni."

"Nimeona nikuletee mwenyewe." Akafungua kikopo. Shanga zote alizowahi kuonja Nyamizi zilikuwa za kahawia, zimeiva kwa joto la mwili. Huu ulikuwa mweupe, kama jicho la samaki aliyechemshwa.

"Wa nani huu?"

"Mama, wewe si huwa huulizi." Akatabasamu. "Maliza huu, jioni utoe neno lako Kamatini. Jina la Masunga liko mezani kwa mzee. Nimeliweka juu kabisa. Ni kama leo au kesho."

Masunga alikuwa mwanawe wa pekee. Alimpiga mtu chupa kilabuni, wakigombania zamu ya kucheza karata, na mtu yule akafa. Alikuwa anatumikia kifungo cha maisha. Kosa alilifanya, Nyamizi hakulikana hata alipokuwa peke yake. Lakini mama ni mama. Kila mkosaji aliyemsemea *inavumilika* alitoka, na kila alipotoka mmoja yeye aliwaza: na wangu?

Akalala kitandani.

*

Uchungu una mahali unapoanzia. Ukiwa mwonjaji unajifunza kupatafuta, ubavuni au kisogoni, ili ushike hapo na usipotee. Huu haukuwa na mahali.

Ilianza baridi kwenye vifundo vya miguu. Kisha mikono. Mikono mingi, mingi mno kwa mtu mmoja: mikono inampandisha mtoto juu ya kabati, mikono inafungua kamba ya mbuzi na fundo limelowa halifunguki, mikono ya kizee imeshika tu ubao wa kitanda kwa sababu haina tena nguvu ya kushika kingine. Kiza. Mtu anaita jina la mtu na jina linakatika katikati. Baridi ikapanda magotini, tumboni, kifuani. Ikaingia kinywani.

Ilikuwa na ladha ya magadi.

Alipofumbua macho, Ngwali alikuwa amemshika mabega.

"Umepiga kelele, mama. Hujawahi kupiga kelele."

"Wamekufa wangapi?" akauliza Nyamizi. "Ngwali, watu wote wale. Mbona redio haijasema kitu?"

Ngwali akatazama mlango. Katibu alikuwa ametoka kupiga simu.

"Hakuna aliyekufa."

"Nimewaonja mimi."

"Ushanga huo haukutolewa kwa maiti, mama. Umetengenezwa. Wanavuta mapigo kwenye shanga za watu walio hai, wenyewe hawana habari. Halafu wanaiuliza mashine: watu hawa, mahali hapa, wakitendwa hivi, wataumia vipi? Mashine inakadiria. Huku tunaita makisio." Alikuwa anaongea haraka, akikunja na kukunjua kile kitambaa. "Sheria inasema uchungu uonjwe kwanza, msamaha baadaye. Kosa lenyewe litendwe lini, haikugusa. Mimi niliunganisha nyaya tu, mama. Nyaya tu."

Nyamizi akakaa kitako. Akapitisha ulimi kwenye meno. Ujana wake wote aliutumia kuzalisha wanawake Isenga, mji ulio bondeni chini ya Bwawa la Juu, na katika nchi nzima hakuna kwingine ambako maji ya kunywa yana magadi. Chai ya huko ina ukakasi, maharage yanaiva upesi, watoto wana meno ya rangi ya chai. Na nchi nzima ilijua ugomvi wa Isenga. Chini ya mji ule kulikuwa na madini ya kutengenezea betri. Serikali iliwaambia wahame, wakakataa. Walipelekewa magari wakalala mbele ya magari. Walipelekewa askari wakawapikia askari chakula. Na msimu wa mvua ulikuwa umefika, bwawa limejaa mpaka mdomoni.

Akaelewa. Alilokuwa ameonja lilikuwa bado halijatendwa, na mtendaji wake alikuwa anaombewa msamaha.

*

Jioni ile Kamati ya Msamaha ilikaa katika ukumbi wake, kamera zikiwaka. Sheria ilitaka kikao kirushwe moja kwa moja nchi nzima, na watu walikuwa wakikitazama migahawani kama wanavyotazama mpira, maana wiki hiyo Bunge lilikuwa linabishania muswada mpya: Rais aonje mwenyewe, asitume mtu.

Mwenyekiti alikuwa Bupe Mwakitalima, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, na muswada ulikuwa wake. Mbunge Kalinjuma aliupinga, na siku ile alikuwa amefika na maneno yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mkimlaza Rais kile kitanda hatasamehe mtu tena. Nani atakubali? Wale akina mama wa mahindi wangeozea ndani. Mnataka kumkata mkono mwizi mmoja, mnawakata na walionyoosha mkono kuomba maji."

"Rais anayeogopa kujua anachokisamehe, anasamehe au anatupa takataka nje ya ua?" akajibu Bupe. "Nyumba ya jirani ndiyo inayonuka."

Ukumbi ukacheka. Nyamizi, kwenye kiti cha mwonjaji, hakucheka. Bado alisikia baridi miguuni.

Karani akasimama akasoma ombi la msamaha: "Kwa watumishi wa umma wote watakaohusika na shughuli za msimu huu wa mvua, kwa jambo lolote walilolitenda au watakalolitenda kwa nia njema."

Bupe akainua uso. "Rudia hapo."

"Walilolitenda au watakalolitenda, Mheshimiwa."

"Watakalolitenda." Akavua miwani. "Mtu huosha kidonda kabla ya kujikata?"

Akakigeuzia kiti cha mwonjaji macho yake madogo yasiyo na miwani.

"Mama Nyamizi. Umeonja nini?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo tangu kiti kile kiwekwe. Katibu Shelukindo alikuwa amesimama tayari. "Mheshimiwa, mwonjaji ana kiapo. Swali hilo haliruhusiwi."

"Kuuliza si kosa, Katibu. Nimeisoma sheria kama wewe. Kosa ni kujibu."

"Basi hatajibu."

"Sijasema atajibu. Nimesema nimeuliza." Bupe akavaa miwani yake. "Kamati ipumzike kidogo. Swali langu linabaki palepale lilipo."

*

Katibu alimpeleka Nyamizi kwenye chumba cha pembeni, akamvutia kiti, akammiminia maji kwenye bilauri. Nyamizi hakuyagusa.

"Umelitambua," akasema Shelukindo. Hakuwa anauliza. "Niliwaambia mafundi ladha iondolewe, wakaniambia haiondoki. Nisikilize basi, mama, kama mwanao. Hakuna atakayefungua maji."

"Kwa nini mnaomba msamaha wa kitu ambacho hamtakifanya?"

"Kwa sababu watu wa Isenga hawatuogopi. Tumetishia, wamecheka. Lakini wakisikia msamaha umeshapita, wataelewa kwamba safari hii hakuna wa kuwalinda. Watahama wenyewe ndani ya siku mbili, na mabati yao na mbuzi wao. Fimbo ya kuonyesha haimuumizi mtoto."

"Na wasipohama?"

Shelukindo akazungusha pete kidoleni.

"Ukisema haivumiliki," akaendelea, "hujaokoa mtu. Tutatengeneza ushanga mwingine, tutaapisha mwonjaji mwingine. Utakuwa umejifukuzisha kazi tu. Na hawa wabunge wanataka kisingizio cha kuifunga kalamu kabisa. Ikifungwa, wafungwa wote wanaongoja huruma, mlango umewafungia. Masunga akiwamo." Akasukuma simu mezani. "Ongea naye. Nimeomba wamlete kwenye simu."

Uso wa Masunga ukatokea kwenye kioo, amenyoa, anacheka kama mtu aliyevishwa shati jipya.

"Mama. Wameniambia niko juu ya mafaili. Bwana jela mwenyewe kaniita mzee Masunga. Nilidhani anamwita mtu mwingine."

"Umekula?"

"Nimekula. Leo hata mchuzi ulikuwa na kitu ndani, tumekizunguka tukijadili ni nini." Cheko likatulia. Akasogea karibu na kioo. "Mama, kuna jambo nalifikiri tangu asubuhi. Ule ushanga wa yule jamaa. Niliyempiga. Si lazima uonjwe kwanza?"

"Lazima."

"Na mwonjaji ni wewe peke yako."

Nyamizi hakuwa amelifikiria. Au alikuwa amelifikiria na kulifunika, kama unavyofunika sufuria iliyoungua.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa hiyo utaisikia ile chupa." Masunga akajishika shingo, pembeni, pale. "Halafu utakwenda kusema?"

"Nitasema inavumilika."

"Hata kama haivumiliki?"

"Wewe ni mwanangu, Masunga. Nitasema."

Akamwona mwanawe akishusha macho. Nyuma yake mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza sakafu.

"Basi kumbe hilo neno halina kitu ndani, mama," akasema taratibu. "Sisi huku tulidhani lina kitu. Mtu akitoka, tunaambiana: kaonjewa, kaonekana anastahili. Tulikuwa tunawaonea wivu." Akajaribu kucheka. "Si neno. Nipikie mlenda nikitoka."

Simu ikazimika. Shelukindo akairudisha mfukoni, akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Kijana mzuri," akasema. "Twende, mama."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa zaidi ya awali. Minong'ono ya lile swali ilikuwa imetembea. Ngwali alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono mfukoni, asiyetaka kuonekana na asiyeweza kuondoka.

Nyamizi akakaa. Kwenye kioo kikubwa ukutani aliuona uso wake mwenyewe, na akajua kwamba uso huo ulikuwa hivyo hivyo Isenga wakati huu, kwenye mgahawa wa stendi, na nyumbani kwa watoto aliowavuta duniani kwa mikono yake, ambao sasa walikuwa na watoto wao na makabati yao.

"Mwonjaji," karani akasema kwa ile sauti ya kukariri, "uchungu wa ombi hili umeuonja. Inavumilika, au haivumiliki?"

Angeweza kusema haivumiliki. Kiapo kingebaki kizima. Angekwenda zake nyumbani kwa miguu, na Isenga wangezima taa wakalala, bila kujua ni neno gani limesemwa juu ya vitanda vyao wala kwa ajili ya nini, mpaka siku ushanga mweupe mwingine utakapowekwa kwenye kikombe na mwonjaji mwingine, mwenye mwana mwingine.

Katibu alimtazama akitabasamu kidogo, kama mtu anayemtia moyo mtoto jukwaani. Nyamizi akamfikiria Masunga akiwa ameshika shingo pale pembeni. Mlango wa mwanawe ulikuwa na ufunguo mmoja, na wa kwake mwenyewe, kuanzia jioni hii, ungekuwa na ufunguo uleule, mfukoni mwa mtu yuleyule.

"Mwonjaji?" karani akarudia.

"Nimekusikia, mwanangu. Ngoja kwanza." Akamgeukia Bupe. "Mheshimiwa Mwenyekiti, uliniuliza swali kabla ya mapumziko."

Katibu akainuka kwa ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kamera zizimwe. Mheshimiwa, naomba kamera zizimwe."

"Kamera ni za Bunge," akasema Bupe. "Mama Nyamizi, unajua kujibu ni nini?"

"Najua."

"Mimi sitaweza kukutoa. Hakuna hapa anayeweza."

"Najua pia anayeweza."

Askari wawili walikuwa wameshaanza kuja kutoka upande wa mlango. Nyamizi akashika mikono ya kiti, kama alivyokuwa akiwafundisha wazazi washike ubao wa kitanda, akakielekeza kinywa chake kwenye kipaza sauti.

"Maji," akasema. "Nimeonja maji ya Isenga, Mheshimiwa, yamefika kwenye vitanda, na watu wake wamelala."